Walidhani Ninawatania

Ng'ambo, Tabora
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu Zena,

Shikamoo. Nakusalimu leo kwa salamu ya mtu aliyelala usiku kucha bila kuamka, na wewe kuliko mtu yeyote unajua uzito wake. Goti linaendeleaje? Bado unalifunga kanga ukienda shamba? Na mama, macho yake je, anaweza mwenyewe kutunga uzi kwenye sindano au siku hizi mnamtungia? Mikorosho imeanza kutoa maua?

Huku tu wazima. Mama mkwe wangu, Bi Kalunde, amekaa mbele yangu hapa barazani anachambua karanga, na kila baada ya muda ananiuliza, "Umefika wapi?" kana kwamba barua ni safari. Nimemwambia ndiyo kwanza nasalimia. Akasema, "Basi msalimie na mimi kabisa, maana ukishaingia kwenye maneno yako utanisahau." Kwa hiyo anakusalimu.

Dada, nimepata kazi. Leo ninamaliza wiki ya tano. Ni kazi nzuri, ya kukaa, na nimepewa chumba kizima nikisimamie mimi. Nimeanza na hilo ili ufurahi kwanza, kwa sababu ile ahadi tuliyowekeana stesheni sikuitunza, na nataka ulisikie jambo hili kutoka kwangu mwenyewe.

Siku ile unaondoka, treni imeshapiga honi, ulinishika mkono kupitia dirishani ukaniambia, "Mwavita, yale ya kichwa tumeyamaliza. Usimwambie mtu. Ukisema, kazi hupati, na mume mwingine humpati." Nikakuitikia. Nilijua unasema kwa mapenzi. Ulikuwa umekaa na mimi siku arobaini na mbili, tangu wodini mpaka nyumbani. Uliniosha, ulinilisha, ulinifuata mpaka relini nilipotoka miguu mitupu kwenda kuifuata kengele ya baiskeli ya Maganga. Unakumbuka alivyokuwa mume wangu na kengele. Hata kama alichotengeneza ni breki tu, lazima apige kengele mara mbili kabla ya kumkabidhi mwenye baiskeli. Homa ya siku nne ikamchukua, nikabaki na ile sauti, na ikakataa kunyamaza. Mimi sikulala, yenyewe haikulala. Mengine uliyaona.

Basi, kwanza nilijaribu njia yako. Mwaka jana nilipata kazi ya jikoni kwenye mgahawa mmoja mjini, nikanyamaza kama tulivyokubaliana. Lakini kliniki ni kila mwezi, dada, siku ya Jumatano, na mgahawa haumwachii mtu Jumatano bila sababu. Mwezi wa kwanza nikasema nimefiwa na shangazi. Mwezi wa pili, shangazi mwingine. Nakiri kwamba niliwazika shangazi zetu wote wawili, ambao najua wako hapo Maneromango wanapepeta mchele na kuwasema majirani. Mwezi wa tatu nikamzika mjomba. Mwenzangu wa jikoni akaniuliza, "Mwavita, huko kwenu mnakufa kwa zamu?" Mwezi wa nne nikakosa ndugu wa kuua. Nikaenda kliniki bila kuaga, na niliporudi nilikuta aproni yangu imevaliwa na mtu mwingine. Mwenye mgahawa hakunifukuza kwa ugonjwa, hakuujua. Alinifukuza kwa uongo. Kilichoniuma ni kwamba katika vifo vyote nilivyovitaja, kile kimoja cha kweli sikukitaja hata siku moja.

Nikakaa nyumbani. Nikawa nachuja asali na mama mkwe, ile anayoletewa na ndugu zake kutoka porini. Wewe mwenyewe uliniona nikikamua masega naye, ukasema mikono yangu imepona kabla ya kichwa. Kumbe ilikuwa shule. Siku moja alirudi sokoni na habari kwamba kikundi cha wafuga nyuki kimefungua kiwanda kidogo cha kuchuja na kufungasha asali, nje kidogo ya Ng'ambo, na wanatafuta mwanamke wa kusimamia chumba cha kuchujia. "Kazi hiyo ina jina lako," akaniambia. Nikamwambia ina jina langu lakini mimi nina siri. Akaendelea kuvua viatu. "Mimi nilikuona siku zile zote, na bado unalala kwangu," akasema. "Wao wakikujua watafanya nini, hilo sijui. Siwezi kukudanganya."

Kliniki nilimuuliza muuguzi, yule mama mnene anayevaa miwani kwenye kamba. Nilidhani ataniambia sema au usiseme. Hakusema hivyo. Alisema, "Siri ni yako, hakuna anayeweza kukulazimisha kuifungua. Lakini jiulize, ili ufanye kazi hiyo vizuri unahitaji nini kwao?" Nikafikiri. Nikasema nahitaji Jumatano moja kila mwezi, na nisianze kazi kabla ya saa mbili asubuhi, maana dawa ya jioni inanichelewesha kuamka. "Basi hayo mawili ndiyo ya kuyapeleka," akasema. "Mengine utayapima ukiwa mbele yao."

Nilifanya mazoezi wiki nzima, dada. Niliiambia sufuria, niliuambia ukuta, nilimwambia mbuzi wa jirani. Nilitaka yatoke kwa maneno machache yasiyotetemeka.

Siku ya usaili niliwakuta watatu mezani. Mwenyekiti wao ni Bi Nyamizi, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Kulia kwake Mzee Kapaya, mrina asali wa siku nyingi, mikono yote makovu ya nyuki. Wa tatu ni kijana wa kuandika. Mzee Kapaya akanisalimia, "Mwangaluka," nikamwitikia kwa Kinyamwezi chake, "Mwangaluka," kama mama mkwe alivyonifundisha. Wakapenda. Bi Nyamizi akauliza, "Wewe ni wa hapa hapa?" Nikasema nimeolewa hapa, lakini mimi ni Mzaramo wa Kisarawe.

Ningejua ningesema Mmakonde. Mzee Kapaya aliweka kalamu chini, akamgeukia mwenzake. "Nani amemfungulia mtani mlango?"

Unajua ilivyo. Wazee wao ndio waliokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani, wazee wetu wakawapokea njiani, na tangu hapo hatujawahi kuheshimiana. Nikamjibu, "Nimekuja kuulizia mzigo. Babu yako alimwahidi babu yangu mzigo, mpaka leo hajafika nao."

"Alifika," akasema Mzee Kapaya. "Akakaa hapo kwenu siku tatu na mzigo kichwani akingoja wa kumtua. Wote mko ngomani."

"Tulidhani ni mti," nikasema.

Bi Nyamizi akapiga meza kwa kucheka. Tukaenda hivyo, huku wakiniuliza na ya kazi: asali isiyoiva unaijuaje, nta unaiyeyusha vipi isiungue. Nikajibu yote. Kisha Bi Nyamizi akajifuta macho akaniuliza, "Haya, mtani. Kabla hatujakupa ufunguo wa stoo, kuna jambo lolote kwako tunalopaswa kulijua?"

Ndilo swali nililolifanyia mazoezi. Nikasema, "Lipo. Mume wangu alipofariki, akili yangu iliugua. Nililazwa hospitalini. Sasa nimepona, natumia dawa, na ninahitaji Jumatano moja kila mwezi kwenda kliniki."

Yalitoka kama nilivyotaka. Nikasikia nyuki mmoja akigonga dirisha. Halafu Mzee Kapaya akaangua kicheko mpaka akashika ubavu. "Mzaramo mwenye akili timamu umemwona wapi?" akasema. "Ungesema hujawahi kuugua, hapo ndipo tungekuogopa." Bi Nyamizi naye akacheka, akamwambia kijana, "Andika: mtani, kichaa, aanze Jumatatu."

Nami, dada, nikacheka. Hapo ndipo nilipokosea. Mtu asiyeuzoea utani wetu angeshangaa, angesema hapana, sitanii. Mimi nimezaliwa ndani yake. Mdomo wangu ulicheka wenyewe kabla sijauzuia.

Nikarudi na kazi mkononi. Mama mkwe akapika ugali na uyoga mkavu wa nazi, akatafuta nazi mji mzima ili nijisikie niko kwetu, nami nikaisukuma sahani pembeni. Nikamweleza. Alitafuna kwanza. "Umesema," akasema, "lakini hujasikiwa."

Nilijitetea wiki mbili nzima. Nikajiambia, maneno nimeyatoa, masikio ni yao. Nikafikiri hata wewe ungeridhika: nimesema na siri imebaki. Na kazi yenyewe nilikuwa naiweza. Ungeniona, dada. Nimevaa koti jeupe, kitambaa cheupe kichwani, asali inashuka kwenye vitambaa vitatu, cha mwisho chembamba kama shela, na chini inatoka nyekundu safi bila hata bawa la nyuki. Wanawake wanne wananisikiliza. Ila kila asubuhi Mzee Kapaya akiingia lazima aulize, "Kichaa wetu ameamkaje?" na wote wanacheka, nami nacheka nao, na kila nikicheka najiona nimejificha tena, safari hii katikati ya uwanja, mchana kweupe. Isitoshe walinitaka saa moja asubuhi, maana ombi langu la saa mbili lilikatizwa na kile kicheko. Nilikuwa nafika natembea kama mtu aliye chini ya maji.

Jumatano ya kliniki ikakaribia, na Jumatano hiyo hiyo lori la asali lilikuwa linakuja kutoka Ulyankulu. Jumatatu mchana nikamfuata Bi Nyamizi kwenye jiko la nta. Nakuapia, msiba ulikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nimeshamchagua marehemu. Nikamtazama anavyokoroga, uso umejaa mvuke, nikasikia mdomo wangu unasema, "Bi Nyamizi, naomba tuweke utani pembeni."

Akacheka. "Mzaramo akiweka utani pembeni atabaki na nini?"

Nikatoa kadi ya kliniki mfukoni nikaiweka juu ya ndoo iliyokuwa kati yetu. Akajifuta mikono, akaisoma. Akaisoma tena, tarehe zote, mstari kwa mstari. Halafu akainama akatoa kuni jikoni, nta isije ikaungua.

"Kwa hiyo siku ile ulikuwa unasema kweli."

"Ndiyo."

"Na mimi nikaandika kichaa."

"Ndiyo."

"Na umeniacha nimcheke mgonjwa wiki mbili." Alikuwa amekasirika, dada, na niliogopa, ila hasira yenyewe haikuwa ile niliyoitarajia. "Ungenikatiza. Una mdomo wa kumwita babu yetu mti, ukakosa mdomo wa kuniambia kaa kimya?" Nikamwambia nilikosa. Akasema, "Nenda nyumbani. Kesho saa nne uje. Lazima nikae na mwenzangu."

Sitakueleza jioni ile. Mama mkwe alinipa dawa yangu mkononi, akakaa nami mpaka nikalala.

Saa nne niliwakuta wawili, bila kijana wa kuandika. Mzee Kapaya hakunisalimia kwa utani. Alikuwa na daftari, na aliuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, likianza tena, sisi tutalijuaje?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu huuliza kama litarudi, swali ambalo hata daktari halijibu. Nikamwambia, "Mkiona sijalala siku mbili. Mkiona naosha ndoo iliyo safi mara tatu. Mkiniona nasimama kusikiliza kitu ambacho ninyi hamkisikii."

"Na tukiona?"

"Mniambie usoni. Kisha mmwite mama mkwe, anipeleke kliniki. Msinifunge kamba, msiniitie mganga, na msikusanye watu."

Akaandika yote, polepole, kwa herufi kubwa. Akanisomea ili nihakikishe, nami nikaongeza ombi la kuanza saa mbili kwa sababu ya dawa. Halafu Bi Nyamizi akasema, "Jumatano zako utapewa. Utaanza saa mbili, na utafunga wewe jioni." Nikasema sawa. Nikadhani tumemaliza, lakini Mzee Kapaya akakohoa. "Sasa kuna jambo la kimila," akasema. "Watani hatuombani radhi. Nikikuomba radhi nitakuwa nimeuvunja utani, na babu zangu watanicheka. Ila mtani ana haki ya kuchukua kitu cha mwenzake bila kuomba. Tazama humu ndani. Chukua."

Kulikuwa na ndoo za asali, kuku wake aliyefungwa miguu mlangoni, kofia yake nzuri ya kufumwa juu ya meza. Mtani wa kawaida angechukua kuku. Mimi nikanyoosha mkono nikachukua ufunguo wa stoo uliokuwa kando ya kofia, ambao walikuwa hawajanipa bado, nikautia mfukoni mwa koti.

Wakatazamana. Mzee Kapaya akasema, "Na huyu ndiye mgonjwa? Mzima wao atakuwaje?" Na safari hiyo tulipocheka, nilicheka kwa hiari yangu.

Nikawaambia jambo moja zaidi. Nichekeni kwa ngoma, nichekeni kwa mihogo na uvivu, lakini hilo neno kichaa liacheni. Mzee Kapaya akakuna kidevu. "Umetunyang'anya neno moja," akasema, "yamebaki mia." Na kweli, tangu siku hiyo hajalisema tena. Ameanza kuniita Mpokea Mizigo.

Jumatano nikaenda kliniki nikiwa nimeaga kwa sauti, mbele ya watu, bila kumzika mtu yeyote. Mchana nikarudi nikalikuta lori la Ulyankulu limefika. Nikapima kila ndoo. Tatu zilikuwa na maji mengi, asali ilivunwa kabla nyuki hawajaifunika. Dereva akalalamika kwamba ametoka mbali, kwamba safari iliyopita zilipokewa. Bi Nyamizi aliitwa aamue. Akasema, "Mwenye chumba ni yule pale." Nikazirudisha. Wiki iliyofuata ndoo zile za safari iliyopita zikakutwa zimechacha stoo, na hakuna tena aliyeuliza kwa nini nilikataa.

Na siku moja, wengine wametoka, Mzee Kapaya alisimama mlangoni akaniuliza, bila utani, kliniki inafunguliwa saa ngapi, na kama mtu anaweza kwenda tu bila barua. Nikamwambia. Sikumuuliza ni nani.

Si kwamba kila kitu kimenyooka. Mama mmoja kati ya wale wanne bado hapendi kunywa maji kwenye kikombe changu. Nimemwachia kikombe chake. Na karanga za kuchemsha siwezi kuzila bado, kwa sababu Maganga alikuwa anazimenya zote kwanza, anazipanga mstari, ndipo anaanza kula. Lakini juzi nilikuwa naosha ndoo, mara moja tu, usiogope, nikakumbuka siku ya mazishi yake. Wewe kwa haki yako ya utani ulivaa kofia yake ukatembea uani kama yeye, unafuta mikono kwenye suruali isiyokuwepo, na wakwe zangu wote wanacheka na kulia. Nilikuchukia siku ile, dada. Juzi nilicheka mpaka wenzangu wakaja kuangalia. Ulimpatia kabisa.

Nisalimie mjomba wetu fundi milango, na mumeo shemeji yangu, na wanao wote, hasa yule wa mwisho aliyekuwa ananiandikia barua za kuchora. Msalimie bibi wa nyumba ya pili aliyenitumia mafuta ya nazi nilipokuwa wodini, mwambie nywele zimeota.

Mama nimemweka mwisho makusudi. Najua ulimwambia nilikuwa na malaria kali. Nakuomba barua hii usiifiche chini ya godoro. Ukishaisoma peke yako ukaniudhikia na ukanisamehe, ikae siku moja, kisha umsomee mama kwa sauti, mlango ukiwa wazi. Akikuuliza hasa nilikuwa naumwa nini, mwambie jina lake: sonona, ile huzuni inayozidi mpaka mtu anasikia kisichokuwepo. Ni neno fupi. Mimi nimelitamka kazini, nimelitamka sokoni, na kesho yake nimeamka nikaenda kazini.

Ni mimi mdogo wako, mkamwana wa Bi Kalunde na mwenye chumba cha kuchujia,

Mwavita